Wanajeshi kuziba nafasi za watumishi waliogoma kudai mishahara: sheria yetu inasemaje?

Msomaji_Mwanjelwa (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu.

Ninaleta jambo ambalo mimi na wenzangu wawili, wote watumishi wa umma, tumelijadili mara kadhaa bila kufikia mwafaka. Mwezi Desemba 2022, wahudumu wa magari ya wagonjwa nchini Uingereza waligoma kwa sababu nyongeza ya mshahara waliyopewa ilikuwa chini sana ya kupanda kwa bei, ambako kwa mwaka ulioishia Novemba kulikuwa kumefikia asilimia 10.7. Maofisa wa uhamiaji wa viwanja vya ndege nao waligoma siku chache baadaye. Serikali ya huko iliandaa wanajeshi takribani 1,200, wengine wakiendesha magari ya wagonjwa na wengine wakikagua hati za kusafiria za abiria. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wanajeshi hao hao walikuwa wamepewa nyongeza ya asilimia 3.75 tu mwaka huo, yaani pungufu hata ya wastani wa nyongeza iliyokuwa imekataliwa na wahudumu wa magari ya wagonjwa.

Mwenzangu mmoja anasema kwamba hapo hakuna cha kujadili, kwa kuwa jeshi ni la wananchi na mwananchi mgonjwa ana haki ya kuokolewa na yeyote aliye karibu. Wa pili anasema kwamba serikali inayomtuma askari mahali pa aliyegoma haina tena sababu ya kukaa mezani na aliyegoma. Mimi naona kila mmoja ana hoja, ila natamani kujua sheria za Tanzania zinasemaje, na wale wanaoukumbuka mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 watueleze hali ilikuwaje hospitalini. Ninaomba tubaki kwenye hoja, tusiingize vyama vya siasa.

Forest_Mpya (Mbeya)

Ndugu Msomaji, nitajibu upande wa sheria, kwa sababu ndio ninaoufahamu.

Anza na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo inatambua haki ya mfanyakazi kugoma, na inawahusu pia watumishi wa serikali wa Tanzania Bara, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Watumishi wa umma wana pia sheria yao ya majadiliano ya pamoja ya mwaka 2003, yenye mabaraza na ngazi zake, lakini kwa swali lako kifungu cha kusoma kwa makini ni cha 76 cha ile sheria ya 2004. Humo imeandikwa kwamba wakati wa mgomo halali, mwajiri haruhusiwi kutumia wafanyakazi mbadala. Kwa hiyo mtu akisoma hapo peke yake atafunga kitabu akiwa na furaha, akiamini kwamba serikali, ikiwa ni mwajiri kama waajiri wengine, haiwezi kumleta askari kukalia kiti cha mtumishi aliyegoma kihalali.

Tatizo liko kwenye neno «halali», na ndipo wengi wanapopotea. Kifungu hicho hicho kinawaondolea haki ya kugoma watu walio katika huduma muhimu, na kifungu kinachofuata kinazitaja: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga, na usafiri unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Sasa jiulize ni kazi zipi ambazo serikali ingefikiria kumpeleka askari. Hakuna atakayempeleka kwenye masjala ya ofisi ya ardhi kupanga mafaili. Atapelekwa hospitalini, kwenye mitambo ya maji, kwenye umeme na kwenye uwanja wa ndege, yaani mahali pale pale ambapo sheria imeshasema hakuna mgomo halali. Kinga dhidi ya wafanyakazi mbadala inabaki kuwalinda watu ambao hakuna aliyekuwa na mpango wa kuleta mbadala wao, na inamwacha nje daktari, muuguzi na fundi wa maji.

Walimu ni mfano tofauti kidogo. Hawamo katika orodha ya huduma muhimu. Mwishoni mwa Julai 2012 Chama cha Walimu kiliitisha mgomo wa nchi nzima, na miongoni mwa madai lilikuwamo la nyongeza ya mshahara ya asilimia 100. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilisema kwamba mgomo ule haukufuata taratibu, na walimu wakaamriwa kurudi darasani. Taratibu zenyewe ni usuluhishi wa siku 30 mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kura ya wanachama, kisha taarifa ya saa 48. Ukikosea hatua moja, mgomo wote unapoteza kinga, ikiwamo hiyo ya kutoletewa mbadala.

Kwa upande wa jeshi, Ibara ya 148 ya Katiba inampa Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, mamlaka ya kuyaamuru majeshi si kwa ulinzi pekee bali pia kwa kuokoa maisha na mali katika hali ya hatari, na kwa shughuli nyingine atakazoona zinafaa. Hiyo ni nafasi pana. Mwaka 2018 wanajeshi walisomba korosho huko Mtwara na Lindi baada ya serikali kuamua kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na hapakuwa na mgomo wa mfanyakazi yeyote. Kwa hiyo sioni mahakama ya Tanzania ikisema kwamba askari hawezi kuingia wodini kwa amri halali. Ambacho mahakama ingeweza kuulizwa ni kama mwajiri amekiuka kifungu cha 76, na swali hilo lina maana tu pale mgomo wenyewe unapokuwa umepita kwenye mstari.

Dada_wa_Gangilonga (Iringa)

Kamwene, ndugu zangu. Mimi ni muuguzi niliyestaafu, na mwaka 2012 nilikuwa kazini katika hospitali ambayo sitaitaja. Nashukuru kaka wa Forest kwa maelezo ya sheria. Naomba niseme ya wodini, kwa kuwa watu wengi huongelea mgomo kana kwamba hospitali ni basi ambalo dereva akishuka mwingine anashika usukani.

Kwa wasiokumbuka, mgomo ulianza Januari 2012 ukihusisha kwanza madaktari waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo pale Muhimbili, kisha ukasambaa. Ulisitishwa Februari, ukarudi Juni, na safari hiyo ulifika hadi Hospitali ya Rufaa Mbeya. Madai yalikuwa mengi, na haikuwa mishahara tu: posho za kuitwa usiku, nyumba, bima, na hali ya vifaa. Dai la mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5 kwa mwezi ndilo lililovuma, na Rais Kikwete alisema waziwazi kwamba serikali haina uwezo huo. Mahakama ilizuia mgomo. Mwishoni mwa Juni aliyekuwa kiongozi wa madaktari, Dk. Stephen Ulimboka, alitekwa na kukutwa Mabwepande akiwa ameumizwa vibaya, na kuanzia hapo mazungumzo juu ya posho yakafunikwa na hofu.

Madaktari wa jeshi walipelekwa Muhimbili wakati huo. Sitawadharau hata kidogo, kwa sababu daktari wa jeshi amesoma vyuo vile vile na wengi wao ni mabingwa. Lakini fikirini wametoka wapi. Wametoka Lugalo, hospitali ambayo nayo inatibu raia pamoja na familia za askari. Daktari aliyehamishwa kutoka wodi moja kwenda nyingine hajaongeza hata daktari mmoja katika nchi. Foleni imepungua hapa na kurefuka kule, ila ile iliyorefuka haipigwi picha.

Halafu kuna mambo ambayo mgeni hayajui hata awe hodari namna gani. Zamu inapopokezwa, mambo mengi hayamo kwenye faili. Muuguzi anamwambia mwenzake kwamba mama wa kitanda cha dirishani hajakojoa tangu saa nane, kwamba mtoto yule alitapika dawa ya asubuhi na ndugu zake hawakusema, kwamba mtungi wa oksijeni wa pembeni unaonyesha umejaa lakini mshale wake umekwama. Ukiwaondoa madaktari wote wa zamu kwa siku moja, mlolongo huo unakatika, na anayekuja, awe wa jeshi au wa raia, anaanza na wagonjwa asiowajua. Hospitali nyingi za kwetu huku Nyanda za Juu zilivuka kipindi kile kwa sababu wauguzi na matabibu walibaki, na kwa sababu hospitali za misheni kama Ilembula, Chimala na Ikonda zilikuwa zikipokea wagonjwa kama kawaida. Hilo halisemwi sana.

Huko Uingereza nako ilikuwa hivyo kwa namna yake. Wanajeshi walioendesha magari ya wagonjwa hawakuruhusiwa kuwasha taa za dharura na kupita taa nyekundu, wala hawakutakiwa kutoa tiba. Walimbeba mgonjwa asiye mahututi. Yule ambaye moyo wake ulisimama aliachiwa wahudumu ambao vyama vyenyewe vilikuwa vimekubali wasigome. Kwa hiyo waliookoa maisha siku ile walikuwa wale wale waliokuwa na mgogoro na mwajiri. Napenda vijana walifikirie hilo kabla hawajasema jeshi liliokoa jahazi.

Kijana_Mafinga

Shikamoo dada wa Gangilonga, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Mimi nilipitia JKT hapa Mafinga na sioni aibu kusema kwamba ningeamriwa kwenda kubeba machela, ningekwenda. Mnaeleza vizuri sana haki za anayegoma, lakini mama aliyeshikwa na uchungu Kitulo au Bulongwa hakupiga kura ya mgomo, hakupewa taarifa ya saa 48, na hana gari la kumpeleka hospitali nyingine. Mlolongo wa zamu ukikatika ni hasara, nakubali, lakini daktari asiyemjua mgonjwa ni bora kuliko kukosa daktari kabisa.

Afrika Kusini, Agosti 2010, watumishi wa umma zaidi ya milioni moja waligoma wakitaka nyongeza ya asilimia 8.6 na posho ya nyumba ya randi 1,000. Wauguzi walikuwamo. Kuna hospitali ambazo milango yake ilizuiwa, na serikali ikapeleka wahudumu wa afya wa jeshi. Sasa niulize: katika hali ile, mlitaka jeshi likae kambini likisubiri majadiliano yaishe? Na mgomo ule haukuvunjwa na jeshi, kwa sababu serikali ilipandisha kutoka asilimia 7 hadi 7.5, na posho ikafika randi 800. Kwa hiyo hoja kwamba askari akiingia mazungumzo yanakufa si kweli kila mahali.

Mzee_wa_Tukuyu

Nimesoma kwa utulivu. Nilivaa sare kwa miaka mingi, na nitasema jambo ambalo naona limepitwa.

Askari anapewa amri. Ndugu Msomaji ameandika kwamba wanajeshi wa Uingereza walipewa asilimia 3.75, na hapo ndipo pa kukaa. Mtumishi wa raia ana chama, ana tume, ana mahakama, na mwisho kabisa ana mgomo hata kama umezungushiwa vifungu. Askari hana hata kimojawapo, na ni sawa asiwe nacho, kwa maana mwenye bunduki hapaswi kugoma. Lakini kwa kuwa hana, mwajiri wake ana wajibu mkubwa zaidi wa kutomtumia kama karata katika ugomvi wa mishahara ya wengine. Mkuu wa majeshi wa Uingereza wakati ule, Admirali Tony Radakin, alisema hadharani kwamba jeshi si akiba ya watu wasio na kazi, kwamba lina shughuli zake. Kwa ofisa wa cheo chake, hayo ni maneno makali.

Hapa kwetu tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa wanajeshi wa Uingereza, na tarehe 25 maasi yakazimwa. Viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa baada ya hapo, shirikisho lao la TFL likafutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, chini ya mkono wa serikali, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo likazaliwa JWTZ. Kambi ya Colito ndiyo Lugalo ya leo. (Dada wa Gangilonga ataniunga mkono kwamba jina hilo ni la kwao Iringa, alikopigwa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, na askari wa Mkwawa mwaka 1891.) Ninachotaka kusema ni kwamba taifa hili lilijifunza mapema kwamba mshahara wa askari na mshahara wa mfanyakazi haviko mbali kama watu wanavyodhani. Ukimzoesha askari kuingia katika magomvi ya malipo, siku moja atajiuliza malipo yake yanajadiliwa wapi.

Kijana wa Mafinga, sikupingi juu ya mama mwenye uchungu. Kuokoa maisha ni kazi ya heshima kwa askari, na Katiba imeiandika. Ninachopinga ni kuitengeneza dharura kwa kukataa kuzungumza, kisha kumwita askari aitatue.

Kijana_Mafinga

Nimekuelewa, mzee wangu. Hata hivyo aliyeitengeneza dharura mara nyingine ni mgomaji mwenyewe, na mgonjwa hana muda wa kuchunguza nani alianza.

Msomaji_Mwanjelwa (Mbeya)

Nawashukuru sana. Nina maswali mawili kwa ndugu wa Forest. La kwanza, mbona katika habari za Uingereza wanajeshi wanatajwa zaidi kwenye migomo ya zimamoto, na kwetu sijawahi kusikia? La pili, ikiwa watu wa afya hawawezi kugoma kihalali, wamebaki na nini mkononi zaidi ya kusubiri Mei Mosi kusikia kima cha chini kimepanda kwa asilimia ngapi?

Forest_Mpya (Mbeya)

La kwanza ni rahisi. Wazima moto wa Uingereza ni raia, wana chama chenye nguvu, na waligoma kitaifa mwaka 1977 na tena 2002. Mara zote mbili askari waliendesha magari ya akiba yaliyotengenezwa miaka ya 1950, mabovu na ya mwendo wa kinyonga yakilinganishwa na ya kisasa. Mwaka 2002 walihitajika wanajeshi wapatao 19,000. Kwetu zimamoto ni jeshi lenye vyeo na nidhamu yake chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo suala hilo halitokei kwa sura ile.

La pili lina jibu ambalo halitumiki. Mgogoro wa mishahara katika huduma muhimu unatakiwa kupelekwa kwenye Tume, usuluhishi ukishindikana uamuliwe, na uamuzi ufunge pande zote. Utaratibu huo ndio badala ya mgomo. Ukiwa wa haraka na wa kuaminika, hakuna atakayehitaji askari. Ukichukua miaka, au serikali ikisema bajeti imeshapita, mfanyakazi anabaki amenyang'anywa silaha bila kupewa ngao. Pia sheria ina mlango mwingine: walio katika huduma muhimu wanaweza kugoma ikiwa kuna makubaliano ya pamoja yanayotaja huduma za kima cha chini zitakazoendelea wakati wa mgomo, na makubaliano hayo yakaidhinishwa na Kamati ya Huduma Muhimu. Hapo mgomo unakuwa halali, na ile kinga ya kutoletewa mbadala inarudi. Muulizeni mwakilishi wenu wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, kama kuna makubaliano ya aina hiyo mahali penu pa kazi.

Dada_wa_Gangilonga (Iringa)

Kama yatakuja kuandikwa, basi wasiyaandike wanasheria peke yao. Huduma za kima cha chini hospitalini ni mapokezi ya dharura, wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji chenye daktari wa usingizi, wagonjwa mahututi, watoto wachanga walio kwenye joto, wanaosafishwa damu, na benki ya damu pamoja na mtu wa maabara wa kuipima. Kila kitengo kitajwe kwa idadi ya watu wa zamu, mchana na usiku, na iandikwe nani anashika funguo za kabati la dawa. Kliniki za kawaida na upasuaji unaoweza kusubiri ndivyo vya kugomea. Kijana wa Mafinga, mama yako wa Kitulo angemkuta mkunga wake pale pale, na wewe ungebaki Mafinga.